Magazeti Yaliyosagwa na Joto la Nyumba Zetu



Hivi karibuni, baada ya darsa la akina mama, tuliulizwa swali ambalo halikuwa la twahara wala la mirathi. Mama mmoja wa Kisauni, ambaye binti yake anaishi na mumewe mjini Minneapolis, Marekani, alitufunulia simu yake tuone picha alizotumiwa. Mafundi wawili waliofunika pua na midomo walikuwa wametoboa matundu katika ukuta wa nyumba na kuingiza bomba nene, na kupitia bomba hilo walikuwa wakipuliza kitu cha kijivu, laini kama sufi. Binti alikuwa amemweleza mamake kwamba hayo ni magazeti ya zamani yaliyosagwa, kwamba yatazuia baridi, na kwamba fedha watakazopunguza katika bili ya kupasha nyumba moto atazileta Kisauni ili mama anunue kiyoyozi kabla ya kaskazi.

Mama alikuwa na maswali matatu. La kwanza lilikuwa la hofu: karatasi tele ndani ya ukuta, si siku moja itaiteketeza nyumba na waliomo? La pili lilikuwa la heshima: magazeti hayakosi kuwa na jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, je, yafaa kusagwa na kutiwa ukutani? La tatu alilisema akicheka, nalo ndilo lililotukalisha kitako: kama karatasi inazuia baridi ya kule, kwa nini isizuie joto la huku, na hizo fedha za kiyoyozi zikafanya kazi nyingine?

La pili tulilijibu papo hapo. Mawili yaliyobaki tuliomba muda tusome na tuwaulize mafundi, na tuliyoyapata tumeyaleta hapa kwa sababu swali la tatu si la nyumba moja. Ni nadra kupita Likoni, Changamwe, Kisauni au Malindi usikute nyumba yenye chumba kisicho na dari, bati tupu juu, ambacho hakikaliki tangu saa sita mchana hadi magharibi. Wanaobaki humo aghalabu ni wanawake wanaopika, watoto wachanga wanaolazwa, na wazee wasioweza kutoka kwenda barazani. Miaka hii Ramadhani inaangukia katika kaskazi, na anayeandaa futari alasiri chini ya bati, naye amefunga, anajua tunazungumzia nini.

Tuanze na kitu chenyewe. Wataalamu hukiita selulosi. Ni jina la nyuzi zinazojenga kuta za chembe za mimea, ambazo mwanakemia wa Ufaransa Anselme Payen alizitambua mwaka 1838. Pamba ni selulosi karibu yote. Ukuti, usumba wa nazi, sufi ya mto wa kulalia, ukili wa mkeka na ubao wa mlango vyote vimejengwa kwa selulosi, kila kimoja kwa kadiri yake. Gazeti ni mti uliopondwa ukalazwa mwembamba, na kulisaga ni kulirudisha katika nyuzi zake.

Kiwandani magazeti makuukuu huchambuliwa, hutolewa pini na plastiki, huraruliwa, kisha husagwa mpaka yafanane na manyoya ya kifaranga. Humo hutiwa dawa ya kuzuia moto, ambayo huwa ni boraksi, asidi ya boriki au salfeti ya amonia. Kwa uzani, karatasi huwa baina ya asilimia 75 na 85, na iliyobaki ni dawa. Neno boraksi, kwa faida ya wanafunzi wetu wa Kiarabu, asili yake ni bawraq, neno ambalo Wazungu walilichukua kwa Waarabu. Nao masonara wa Mji wa Kale wanaijua kwa kuwa ndiyo husaidia dhahabu kushikana inapoungwa kwa moto. Sehemu kubwa ya akiba yake duniani iko Uturuki.

Inafaa kuelewa jambo moja kabla ya kuendelea, kwa kuwa kutolielewa ndiko kunakowapotezea watu fedha. Kinachozuia joto si karatasi yenyewe bali ni hewa iliyotulia baina ya nyuzi zake. Hewa ikiwa huru huzunguka na kubeba joto kutoka mahali hadi mahali. Ikifungwa katika vijishimo vidogo visivyohesabika haizunguki, na joto hupita kwa taabu. Mama anayefunika sufuria ya pilau kwa blanketi ili wageni waikute moto ameshafanya kazi ya fundi wa Minneapolis. Na wale wenye kikapu cha kupikia kilichotandikwa pamba na matambara, ambamo chakula kilichochemshwa huendelea kuiva bila moto, wanalijua jambo hili kuliko sisi. Blanketi hilo halijui kama limefunika pilau au barafu. Huzuia joto lisitoke, na kwa kadiri ile ile huzuia joto lisiingie. Ndiyo sababu wauza barafu wa zamani waliifunika kwa magunia na vumbi la mbao.

Basi jibu fupi la swali la tatu ni ndiyo. Jibu refu lina masharti, na masharti hayo ndiyo yenye thamani.

Nyumba nyingi za Marekani ya kaskazini hujengwa kwa fremu za mbao, na ukuta wake una uwazi katikati, baina ya ubao wa ndani na wa nje. Fundi hutoboa tundu, hupuliza nyuzi, na huzishindilia mpaka zifikie takriban kilo 55 kwa kila mita moja ya ujazo, ili miaka ikipita zisizame na kuacha pengo juu. Juu ya dari, ambako hakuna haja ya kushindilia, nyuzi humwagwa tu kama mchele ghalani, kwa kina cha inchi 14 na zaidi katika majimbo ya baridi kali. Zinazomwagwa hivi hushuka baadaye, pengine kwa sehemu moja ya tano, kwa hiyo fundi mwaminifu humwaga zaidi ya kipimo alicholipwa.

Sasa tulifikie lile la moto, maana hofu ya mama ilikuwa na historia nyuma yake. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao yasiende Marekani, bei ilipanda na kila mwenye nyumba kule akatafuta njia ya kupunguza matumizi. Kusaga karatasi hakuhitaji kiwanda kikubwa. Watu wengi waliingia katika biashara hiyo kwa haraka, na baadhi yao walitia dawa kidogo au waliichanganya vibaya. Nyumba ziliungua. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya dharura iliyoweka kipimo cha lazima cha usalama kwa nyuzi hizi, na tangu hapo kila mfuko unaouzwa kule sharti upite jaribio la moto. Nyuzi zilizotiwa dawa ipasavyo, moto ukizigusa hugeuka nyeusi juu na kufanya ganda la kaa linalozuia moto usipenye ndani. Wauzaji hupenda kuonyesha hayo kwa kuweka nyuzi kiganjani, sarafu juu yake, na mwale wa gesi juu ya sarafu, mpaka chuma kikayeyuka na kiganja kikabaki salama. Vijana wetu wasijaribu.

Kwa hiyo tulimwambia mama kwamba nyumba ya bintiye haiko hatarini zaidi ya jirani zake, maadamu nyuzi hizo zilinunuliwa zikiwa na alama ya kupasishwa, na mafundi waliziweka mbali na bomba la moshi na taa zinazochoma. Lakini tulimwambia pia, na hili tunalikariri kwa kila msomaji: gazeti lisilotiwa dawa ni kuni. Asitokee mtu, baada ya kusoma makala haya, akajaza magazeti ya nyumbani juu ya dari ya chumba cha watoto kwa kudhani amehami nyumba yake. Atakuwa ameweka kuni juu ya vichwa vyao, na karamu ya mchwa juu ya kuni.

Kuhusu majina matukufu, jibu letu lilikuwa jepesi. Karatasi yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu hutengwa kabla ya kuingia katika taka yoyote, iwe ya kusagwa au ya kufungia bajia. Na tukisema kweli, ni jambo la ajabu kuona mtu akiuliza habari za kiwanda cha ng'ambo ilhali bajia zake za jioni zimefungwa katika ukurasa wa hotuba ya Ijumaa. Iliyosagwa mpaka herufi zikatoweka haina tena hukumu ya maandishi. Sayyidna Uthman, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, aliamuru nakala zilizozidi zichomwe ili Kitabu kihifadhiwe, na wanavyuoni wamejenga juu ya hilo mlango mpana wa kuondoa maandishi kwa njia isiyo ya dharau.

Turudi kwenye joto. Usiku wa Januari mjini Minneapolis baridi yaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kasoro sifuri, na ndani ya nyumba watu wanataka nyuzi 20 juu ya sifuri. Tofauti ya ndani na nje ni nyuzi 40, nayo ndiyo wanayopambana nayo. Je, sisi? Hewa ya Mombasa katika Februari hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na mtu akiangalia namba hiyo atasema hakuna cha kuhami. Lakini bati haliko katika joto la hewa. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri, hasa lililoshika kutu au lililopakwa rangi nyeusi, huweza kupita nyuzi 60. Baina ya bati hilo na hewa ya chumbani mna tofauti ya nyuzi 28 na zaidi. Wasomaji wetu walinganishe wenyewe: paa la Kisauni saa saba mchana halitofautiani sana na ukuta wa Minnesota usiku wa manane, ila mshale wa joto umegeuka.

Tena bati halingoji hewa ilibebe joto lake. Hulitupa chini moja kwa moja, kama kaa linavyomchoma anayeketi mbele yake hata upepo ukiwa unavuma. Ndiyo maana feni chini ya bati tupu huleta hewa na isilete nafuu, na ndiyo maana mtoto aliyelazwa kitandani juu, karibu na paa, huamka amelowa jasho ilhali nyanya yake aliyelala mkekani sakafuni amestahimili.

Waliotutangulia hawakuwa na neno selulosi, lakini kazi yake waliijua. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale, Mombasa, zina kuta nene za matumbawe na chokaa zinazochukua muda mrefu kupata moto, na juu yake aghalabu kiliwekwa kipaa cha makuti. Makuti yaliyopangwa vizuri ni nyuzi za mmea na hewa, tabaka juu ya tabaka, yaani ni kile kile kinachopulizwa kwa bomba huko Marekani, ila makuti hupumua. Udhaifu wake unajulikana: hayadumu, na moto ukishika kimoja huruka hadi cha jirani. Bati lilipokuja lilikuja na haki yake. Hudumu, haliwashiki moto, na huchuma maji safi ya mvua. Hatumwambii mtu arudi kwenye makuti. Tunachosema ni kwamba tulipobadilisha paa tulipokea kinga ya mvua na moto tukapoteza kinga ya jua, na wengi wetu hatukuwahi kuirudisha.

Hapo sharti la kwanza linajidhihirisha. Kuta zetu ni za matofali ya mawe, hazina uwazi wa kupuliziwa kitu. Picha za bomba ukutani hazituhusu. Sehemu yetu ni ile nafasi iliyo baina ya dari na bati, na asiye na dari hana pa kuanzia isipokuwa dari yenyewe.

Na hapa tuna habari itakayowashangaza baadhi ya wasomaji: huenda tayari mna selulosi juu ya vichwa vyenu. Zile bodi laini za dari ambazo mafundi wetu huziita softibodi, na wengine huziita Celotex, ni nyuzi za mbao au za mimea zilizoshinikizwa. Celotex ni jina la kampuni ya Marekani iliyoanza miaka ya 1920 kutengeneza bodi kutokana na makapi ya miwa huko Louisiana, makapi ambayo viwanda vya sukari vilikuwa vikiyachoma. Bodi hizo ni nyembamba, lakini baina ya kuwa nayo na kutokuwa nayo kuna masafa makubwa, kwa kuwa huukata ule mwale wa bati usimfikie aliye chini. Mwenye kuzidharau na kuzing'oa ili aweke jipsamu inayong'ara kwa ajili ya harusi, aulize kwanza anaondoa nini.

Nchi za joto nazo zimejifunza, nyingine kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilitangaza kulipia kazi ya kuhami dari za nyumba za raia, ili kuokoa umeme na kuwapa vijana kazi. Makampuni yaliota kama uyoga. Vijana waliopewa mafunzo kidogo walipandishwa katika nafasi za chini ya mapaa, penye giza, joto na nyaya za umeme. Vijana wanne walikufa, watatu kwa kupigwa na umeme na mmoja kwa joto, na nyumba nyingi zikashika moto. Mpango ulisimamishwa Februari 2010, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake mwaka 2014. Nyuzi za karatasi hazikuwa ndizo zilizowaua. Katika baadhi ya vifo hivyo ilikuwa karatasi ya madini iliyopigiliwa kwa pini za chuma zikagusa waya. Lakini funzo la nyaya ni letu sote, kwa maana hali ya nyaya zilizo juu ya dari zetu tunaijua. Waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, ukifunikwa na nyuzi zinazozuia joto, hupata moto wenyewe na hauna pa kulitoa.

Ahmedabad, mji wa Gujarat ambao majahazi ya jimbo lake yameijua pwani yetu kwa karne nyingi, ulipatwa na joto kali Mei 2010, na hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha kwamba katika mwezi huo mmoja walikufa watu zaidi ya 1,300 kuliko kawaida. Mwaka 2013 mji ukaandaa mpango wake wa kukabiliana na joto. Kilichotuvutia ni kazi ya vikundi vya wanawake katika mitaa ya mabanda, wanaokopeshana fedha za kutengeneza mapaa. Baadhi walipaka mabati rangi nyeupe. Wengine waliweka mapaa ya vipande vilivyoshinikizwa kutokana na taka za karatasi na makumbi ya nazi. Tulipolisoma hilo tuliwakumbuka wenye minazi wa Kilifi na Kwale, na milima ya makumbi inayochomwa au kuachwa kuoza. Hatudai kwamba kesho kiwanda kitasimama Mtwapa. Lakini atakayelifikiria hatakuwa ameota ndoto.

Kwa mwenye nyumba wa leo, mifuko ya nyuzi za magazeti zilizotiwa dawa si bidhaa ya kawaida katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi, na fundi mwenye mashine ya kuipuliza ni wa kutafutwa. Atakayeipata, au atakayeletewa, ayajue haya. Inchi za kwanza ndizo zenye kazi kubwa. Ukiongeza unene maradufu joto linalopita hupungua nusu, kisha ukiongeza tena maradufu unapata nusu ya ile nusu, kwa hiyo inchi 4 zetu zitatufaa kuliko tunavyodhani na inchi 14 za Minnesota ni israfu kwetu. Unene wa inchi 4 una uzani wa kilo 3 hivi kwa kila mita mraba, mzigo ambao dari nzuri huubeba na dari iliyolegea huuangusha. Bodi iliyokwisha kufanya tumbo isiongezwe kitu.

Maji ni adui mkubwa kuliko moto. Nyuzi zikilowa hugandamana, hewa iliyomo hutoka, na kazi yote huwa bure. Unyevu ukikaa, kuvu huota. Chumvi ya bahari hula mabati yetu na misumari yake, na tundu ambalo mtu amezoea kulikingia ndoo wakati wa masika litamlowesha nyuzi zote zilizo chini yake. Kadhalika nyuzi zilizotiwa salfeti ya amonia, zikikutana na unyevu, hula chuma. Kwa hali ya hewa yetu zinazofaa ni zile zenye boraksi na asidi ya boriki pekee, ambazo zina faida nyingine kwetu: mchwa hawazipendi, na mende hufa kwa dawa hiyo hiyo.

Dawa inayoua mende haipaswi kuchezewa. Ikikaa juu ya dari iliyozibwa haimdhuru aliye chini, ila siku ya kupuliza vumbi hutapakaa. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliiweka asidi ya boriki katika orodha ya vitu vya kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa kwa kiasi kikubwa huweza kudhuru uzazi. Mafundi wavae barakoa za kweli, si leso. Mja mzito na watoto walale kwa jamaa siku hiyo, na nyumba ifagiliwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kurejea.

Usiku nao una hukumu yake. Bati hupoa haraka jua likizama, lakini kuta za mawe zilizopigwa na jua la magharibi hubaki na joto mpaka usiku mkubwa, na dari iliyohamiwa hulizuia joto hilo lisipande kutoka. Mwenye kuhami dari na kufunga madirisha kwa kuogopa mbu atalala katika tanuri. Madirisha mawili yanayoelekeana, yenye wavu, yafunguliwe baada ya magharibi. Na mahali ambapo usalama hauruhusu, angalau matundu ya juu ya ukuta yasizibwe.

Mama wa Kisauni alituuliza basi, anunue nini? Rai yetu tuliitoa waziwazi. Kiyoyozi kidogo hula umeme wa kilowati 1 hivi kinapofanya kazi, ilhali feni hula wati 50 hadi 75. Kiyoyozi chini ya bati tupu hupambana na jua mchana kutwa, bili hukua, na katika mwezi wa tatu huzimwa, kikabaki pambo la ukutani. Dari hulipiwa mara moja. Aanze na fundi wa paa azibe matundu, kisha bati lipakwe rangi nyeupe ya mabati isiyo na risasi, maana yeye huchuma maji ya mvua katika tangi. Halafu fundi wa umeme mwenye leseni akague nyaya. Ndipo iwekwe dari ya bodi katika chumba cha kulala na cha watoto, na nyuzi juu yake kama zitapatikana. Jikoni mwake kuna kuni na mkaa, kwa hiyo huko bodi ya nyuzi isiwekwe; tundu pana la moshi na rangi nyeupe juu vinatosha. Kiyoyozi, akikitaka bado, kitakuwa kidogo na kitafanya kazi saa chache. Vijana wake hawakuridhika, kwa kuwa kiyoyozi huonekana na wageni na dari haionekani, lakini fedha ni za dada yao na dada yao amekubaliana na mama.

Wakati mzuri wa kazi hii ni baada ya masika kumalizika, kusi likivuma, mabati yakiwa makavu na juu ya dari pakikalika. Fundi apande asubuhi na mapema na ashuke kabla ya saa nne, na swichi kubwa ya umeme izimwe muda wote akiwa juu. Mwelewane bei kwa mita mraba na unene uandikwe katika karatasi ya mapatano, kwa sababu asiyeweza kupanda kuona hupimiwa kwa macho. Kabla ya kumlipa, mwambieni apige picha za kila pembe akiwa ameshika rula iliyochomekwa ndani ya nyuzi. Na ile mianya baina ya ukuta na paa izibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, upepo upite na panya na popo wasipite, kwa kuwa boraksi hiyo inayomfukuza mchwa panya haimzuii kufanya kitanda chake humo.